Milango ya Kompyuta ya Uraibu: Ushauri wa Miunganisho na Upanuzi kwa Mkazi wa Machakos

Wasomaji wanaomiliki au wanaokusudia kuunda kompyuta ya uraibu yenye tabia za mashine za miaka ya 1980 hurudia swali moja kwa maneno tofauti: mashine hiyo iunganishwe na nini, kwa njia gani, ili fedha zisipotee na bodi isiungue? Jibu lililoko hapa limeandikwa kwa kumfikiria mtu aliye mjini Machakos au viungani mwake, takriban kilomita 65 kutoka Nairobi, ambaye kila kifaa anachokosa humgharimu nauli, na kila kifaa anachoagiza ng'ambo humgharimu majuma ya kusubiri.

Kompyuta zinazozungumziwa ni za aina nne, na msomaji anashauriwa kujua mapema yake ni ipi, kwa kuwa ushauri hutofautiana:

- RC2014, iliyobuniwa na Spencer Owen wa Uingereza, ambayo huuzwa kama vipande vya kulehemu, hutumia kichakataji cha Z80, na hupanuliwa kwa kuchomeka kadi kwenye bodi mama yenye nafasi nyingi.
- Agon Light, yenye kichakataji cha eZ80 kinachokwenda megahezi 18.432, kilobaiti 512 za kumbukumbu, na chipu ya ESP32 inayoshughulikia picha.
- Raspberry Pi Pico iliyowekewa PicoMite, programu inayoigeuza bodi hiyo ndogo kuwa kompyuta inayowaka moja kwa moja katika lugha ya BASIC.
- Raspberry Pi 400, kompyuta iliyofichwa ndani ya kibodi, iliyotolewa Novemba 2020, ambayo sura yake ni ya kale lakini matumbo yake ni ya kisasa.

Anayemiliki Commodore 64 ya mwaka 1982 au BBC Micro ya mwaka 1981 anaweza kufuata ushauri wa RC2014 kuhusu volti, ila asiigeuze mashine hiyo kuwa uwanja wa majaribio, kwa maana vipuri vyake haviokotwi sokoni.

Kazi kwanza, mlango baadaye

Kosa linalotangulia mengine yote ni kununua kadi za upanuzi kwa sababu zipo. Kila mlango unaoongezwa hula umeme, huchukua pini, hudai programu yake, na huongeza mahali pa kutafuta kasoro siku mashine itakapogoma. Kabla ya kununua chochote, mwenye mashine aandike kwenye karatasi sentensi moja inayosema kazi, kwa mfano: "mashine isome kina cha maji katika tangi kila saa na kukihifadhi", kazi yenye maana kubwa katika eneo lenye ukame kama Ukambani. Sentensi hiyo huonyesha yenyewe kwamba panahitajika kitambuzi kimoja, saa inayokumbuka wakati, na kadi ya kuhifadhi. Haitaji Bluetooth, haitaji sauti, wala haitaji milango minne ya USB. Asiyeweza kuiandika sentensi hiyo hana haja ya upanuzi kwa sasa, na inamfaa zaidi kukaa miezi michache na BASIC tupu.

Volti: mahali bodi nyingi hufia

Jambo hili linastahili muda mwingi kuliko mengine. Ndani ya kompyuta, "ndiyo" na "hapana" huwakilishwa na viwango vya umeme. RC2014 na mashine halisi za kale husema "ndiyo" kwa volti 5. Agon Light, Pico na Raspberry Pi husema "ndiyo" kwa volti 3.3. Pini iliyoundwa kwa volti 3.3 ikipewa 5 yaweza kufa papo hapo, au, na hili ndilo baya zaidi, yaweza kuendelea kufanya kazi kwa majuma kadhaa huku ikidhoofika, hata mwenyewe akashuku programu yake badala ya waya zake.

Kuna msomaji atakayepinga kwamba amemwona mtu kwenye video akiunganisha moja kwa moja, na mambo yakaenda sawa. Ni kweli yaliweza kwenda sawa, kwa sababu ndani ya chipu mna diodi ndogo za kinga ambazo huupitisha umeme wa ziada. Lakini diodi hizo ziliwekwa kwa dharura, nazo hazikukusudiwa kubeba mzigo kutwa kucha.

Njia za kupatanisha volti huchaguliwa kulingana na kazi:

- Rezista mbili, moja ya kilo-omu 1 na nyingine ya kilo-omu 2, huishusha volti 5 hadi takriban 3.3. Njia hii hufaa alama za polepole zinazokwenda upande mmoja tu, kama waya wa mwangwi wa kitambuzi cha HC-SR04, ambacho hupima umbali kwa sauti na kurudisha volti 5 kamili.
- Vibodi vidogo vya transista za BSS138 hupitisha alama pande zote mbili, na ndivyo vinavyofaa kwa I2C, ambayo inaelezwa baadaye.
- Chipu ya 74LVC245, ikiwashwa kwa volti 3.3, hupokea volti 5 bila kudhurika na hushughulikia waya nane kwa pamoja, kwa hiyo hutumiwa kwenye waya nyingi za data.
- Kwa kupanda kutoka 3.3 kwenda 5, hutafutwa chipu zenye herufi HCT, si HC. Ya kwanza huitambua "ndiyo" kuanzia volti 2, ilhali ya pili ikiwashwa kwa volti 5 hudai takriban 3.5, kiwango ambacho Pico haikifikii. Herufi moja hiyo imewakesha watu wengi.

Mlango wa kale wa RS-232, ule wenye pini tisa nyuma ya kompyuta kuukuu za ofisini, ni hatari ya aina yake: waya zake huweza kubeba hadi volti 15, chanya na hasi. Usiunganishwe na bodi yoyote kati ya hizi bila chipu ya MAX3232 au ya jamii yake.

Mlango wa kwanza uwe wa seriali

Seriali ni njia ya kupeleka biti moja baada ya nyingine katika waya mmoja, na kurudisha majibu katika waya wa pili. Haina mvuto, lakini ndiyo njia itakayobaki hai skrini ikikataa, kibodi ikikataa na kadi ikikataa. Kwenye RC2014 ya kawaida ndiyo njia pekee ya kuzungumza na mashine. Hata kasi yake ya ajabu ya megahezi 7.3728 ilichaguliwa kwa ajili hiyo, kwa kuwa ikigawanywa kwa 64 hutoa biti 115,200 kwa sekunde bila baki.

Kinachohitajika ni kigeuzi cha kutoka USB kwenda seriali chenye chipu ya FT232, CP2102 au CH340, ambacho ni cha bei nafuu na hupatikana Nairobi kwa urahisi. Hatua ni hizi:

1. Kidaraja cha volti kwenye kigeuzi, ikiwa kipo, kiwekwe 5 kwa RC2014 na 3.3 kwa nyingine zote, kisha kiwango hicho kithibitishwe kwa mita kabla ya kuunganisha.
2. Waya wa ardhi, yaani ule wa sifuri unaoshirikiwa na pande zote mbili, uunganishwe kwanza.
3. Waya wa kutuma wa upande mmoja uingie kwenye waya wa kupokea wa upande wa pili. Wanaoanza huunganisha kutuma kwa kutuma, kisha hulaumu chipu.
4. Ikiwa bodi ina umeme wake, waya wa umeme wa kigeuzi uachwe bila kuunganishwa.
5. Waya za RTS na CTS, ambazo kazi yake ni kumwambia mtumaji asubiri, zisipuuzwe. Bila hizo, programu ndefu ya BASIC inayobandikwa kutoka kompyuta kubwa hupoteza herufi njiani, na kosa huonekana kana kwamba ni la mwandishi wa programu.

Ikumbukwe pia kwamba kebo nyingi za USB zinazouzwa barabarani ni za kuchaji simu pekee na hazina waya za data ndani. Kompyuta isipokitambua kigeuzi, kebo ibadilishwe kabla ya jambo lingine lolote kufanywa.

Skrini na kibodi: faida ya mtumba

Hapa mkazi wa Machakos ana bahati. Monita za mtumba zinazoingia nchini kutoka Ulaya, zile ambazo wauzaji huziita ex-UK, nyingi zina mlango wa VGA, nao ndio mlango unaotumiwa na Agon Light na PicoMite. Monita ya zamani yenye umbo la karibu mraba ni bora kuliko pana, kwa sababu picha ya nukta 640 kwa 480 huijaza bila kuvutwa pembeni. Muuzaji aombwe aiwashe mbele ya mnunuzi, ikae angalau dakika kumi, kwani taa ya nyuma iliyochoka hujionyesha baada ya kupata joto.

Wenye Raspberry Pi 400 wana tatizo tofauti. Milango yake ya picha ni ya HDMI ya umbo dogo kabisa, lile linaloitwa micro, na kebo ya umbo la mini haiingii hata kwa kulazimishwa. Anayetaka kuitumia na monita ya VGA anunue kigeuzi cha kutoka HDMI kwenda VGA, akihakikisha mwelekeo huo umeandikwa, kwa sababu vigeuzi hivi huenda upande mmoja tu, na vile vya kutoka VGA kwenda HDMI hufanana navyo sana. Mlango wa vipokea sauti haupo kwenye Pi 400, basi kigeuzi chenye tundu la sauti ni nyongeza yenye maana.

Je, televisheni kuukuu ya kioo kinene inafaa? Tangu matangazo ya analojia yazimwe nchini Kenya mwaka 2015, nyingi zimelala stoo, na zile zenye tundu la manjano la AV hutoa picha laini ambayo wapenzi wa michezo ya kale huithamini. Ila zile za nyeusi na nyeupe za Great Wall, ambazo baadhi ya nyumba ziliziendesha kwa betri ya gari, hupokea kwa antena pekee, na zingehitaji kifaa cha kugeuza picha kuwa mawimbi ya kituo cha televisheni. Ni furaha ya pekee, lakini si mahali pa kuanzia. Tahadhari moja haina mjadala: kifuniko cha nyuma cha televisheni ya aina hiyo kisifunguliwe na asiyekuwa fundi, kwa maana ndani yake hubaki maelfu ya volti hata baada ya kuchomolewa ukutani.

Kuhusu kibodi, Agon Light na PicoMite nyingi hutumia lugha ya PS/2, ile ya kibodi zenye kichwa cha mviringo. Bodi ya AgonLight2 ya kampuni ya Olimex huwachanganya wengi, kwa kuwa tundu lake la kibodi lina umbo la USB ilhali lugha yake ni PS/2 ileile. Kibodi mpya ya USB ikichomekwa humo huenda isijibu kabisa. Inafaa kutafuta kibodi kuukuu katika maduka ya mtumba na katika cyber zilizofungwa, na kununua mbili. Kibodi ya PS/2 isichomekwe wala kuchomolewa mashine ikiwa imewaka.

Hifadhi

Kadi ya SD yenye gigabaiti 32 au chini, iliyopangwa kwa mfumo wa FAT32, inatosha na kusaza. Kadi kubwa zaidi huja zikiwa na mfumo wa exFAT ambao mashine nyingi za aina hii hazisomi. Kadi bandia, zinazodai ukubwa ambao hazina, ni nyingi, na programu ya F3 huzifichua kwa kuijaza kadi na kuisoma tena. Nakala ya pili ya kadi ikae mbali na mashine.

Mtandao, na kile ambacho mashine ya biti nane haitaweza

Inafaa matarajio yasahihishwe mapema. Kurasa za leo za intaneti husafirishwa kwa usimbaji fiche mzito, ambao Z80 haina nguvu wala kumbukumbu ya kuufungua kwa wakati wa kuvumilika. Kwa hiyo mashine ya biti nane huunganishwa kwa njia ya mpatanishi, na swali halisi ni mpatanishi gani.

Modemu ya bandia ya Wi-Fi ndiyo inayopendekezwa kwa wengi. Ni bodi ya ESP8266 au ESP32 iliyowekewa programu kama Zimodem, ambayo hupokea amri za AT za modemu za Hayes za miaka ya 1980 kupitia seriali, na kuzigeuza kuwa miunganisho ya mtandao. Mashine hudhani inapiga simu, kumbe inatumia mtandao wa nyumbani. Chipu ya ESP8266 huona Wi-Fi ya gigahezi 2.4 pekee, kwa hiyo simu ikiwa imewekwa kutoa mtandao kwa gigahezi 5, jina lake halitaonekana, na mwenye mashine atahangaika bure na nywila.

Kebo ya mtandao, kupitia bodi ya W5500, hufaa nyumba yenye ruta karibu. Chipu hiyo hubeba yenyewe kanuni za TCP/IP, mzigo ambao bodi ya bei rahisi zaidi ya ENC28J60 humwachia kichakataji. Tofauti ya bei ni ndogo. Tofauti ya usumbufu ni kubwa.

Laini ya simu hufaa kule ambako hakuna Wi-Fi, tuseme shambani upande wa Masinga au Mwala. Kwa tangi la maji, ujumbe mfupi mmoja kwa siku unatosha, na bando la data halihitajiki. Bodi ndogo ya SIM800L ndiyo inayonunuliwa zaidi na ndiyo inayolalamikiwa zaidi, na sababu hujulikana: hutaka umeme wa kati ya volti 3.4 na 4.4, na inapotafuta mnara huvuta kwa ghafla hadi ampea 2. Ikiwashwa kwa volti 5 huharibika. Ikiwashwa kutoka pini ya 3.3 ya bodi hujizima na kuwaka upya bila kikomo. Dawa yake ni betri ya lithiamu ya seli moja, au kirekebisha volti kinachomudu ampea 2, pamoja na kapasita kubwa karibu na pini zake. Nambari ya siri ya laini iondolewe kwanza kwa kutumia simu ya kawaida. Kwa kuwa bodi hii hutegemea mtandao wa 2G, anayeunda kifaa cha kukaa miaka mingi afikirie bodi ya 4G.

Bluetooth haipendekezwi. Kwenye Pi 400 ipo tayari. Kwenye nyinginezo huongeza fundo bila kuongeza kazi.

Vitambuzi: I2C na SPI

I2C ni njia ya waya mbili ambamo vifaa vingi hushirikiana, kila kimoja kikiitwa kwa anwani yake. SPI hutumia waya nne au zaidi, huenda kasi zaidi, na hudai waya mmoja wa kuchagua kwa kila kifaa. Kwa kanuni ya jumla, kadi ya kuhifadhi na bodi ya mtandao huenda kwenye SPI, na saa na vitambuzi huenda kwenye I2C.

Makosa matatu hujirudia:

- Anwani kugongana. Saa ya DS3231 na kitambuzi cha mwendo cha MPU-6050 zote hutumia 0x68. Pini ya AD0 ya kitambuzi hicho ikipewa volti 3.3, huhamia 0x69.
- Waya ndefu. I2C ilibuniwa kwa masafa ya ndani ya kifaa kimoja. Waya wa mita kumi kutoka mezani hadi kwenye tangi hautasomeka. Hapo hutumiwa bodi ndogo ya pili kando ya tangi, inayopeleka habari kwa seriali ya RS-485.
- Betri ya saa. Bodi maarufu ya ZS-042, inayobeba DS3231, huwa na sakiti ya kuchaji, lakini mara nyingi huwekewa betri ya CR2032 isiyochajika. Betri hiyo hufura. Iwekwe LIR2032, au rezista ya kuchajia iondolewe.

Umeme wa ukutani na wa mbinguni

Mahitaji yajumlishwe kabla ya kuunganisha. Tuseme bodi huvuta miliampea 150, ESP8266 hufikia 300 inapotuma, kibodi 100 na kadi 100. Jumla ni 650, ilhali mlango wa USB 2.0 wa kompyuta huahidi 500. Mashine itawaka, itafanya kazi, na itajizima pale tu mtandao unapoanza. Kwenye Pico, vifaa vya nje visivute zaidi ya miliampea 300 kutoka pini ya volti 3.3, kwa hiyo ESP8266 ipewe kirekebisha volti chake.

Wanaotumia betri ya volti 12 ya sola waepuke chipu ya 7805 kwa mizigo mikubwa: kwa nusu ampea hugeuza wati 3.5 kuwa joto tupu, na bati la kupozea huunguza kidole. Bodi ya LM2596 hupoteza kidogo, ila skrubu yake irekebishwe hadi 5 kwa mita kabla ya kompyuta kuunganishwa.

Wakati wa mvua za Machi hadi Mei na za Oktoba hadi Desemba, kebo za mtandao na waya zinazotoka nje zichomolewe radi inapokaribia, si soketi ya umeme peke yake. Wakati wa kiangazi adui huwa vumbi, hasa kwa kadi zinazochomekwa. Mashine ya Sinclair ZX81 ya mwaka 1981 ilipata sifa mbaya kwa sababu kifurushi chake cha kumbukumbu cha kilobaiti 16 kilitikisika nyuma na kuizima kazi nzima. Kadi za RC2014 zisizosafishwa na kuegemezwa vyema hufanya vivyo hivyo.

Kununua

Vifaa vidogo, yaani vigeuzi, rezista, ESP na vitambuzi, hupatikana Nairobi katika maduka ya Luthuli Avenue na mitaa ya jirani, na muuzaji anaweza kuvituma kwa matatu, malipo yakifanywa kwa M-PESA. Kituo ambako mabasi mengi ya mikoani huanzia safari jijini humo huitwa Machakos Country Bus, jina ambalo limewapoteza wageni wengi waliodhani limewafikisha mjini Machakos kwenyewe; anayeagiza mzigo aeleze wazi ni Machakos ipi.

Bodi kuu zenyewe, isipokuwa Pico na Raspberry Pi, kwa kawaida huagizwa ng'ambo. Bei ya tovuti si bei ya mwisho: VAT ya asilimia 16 na ada nyingine za uingizaji huhesabiwa pamoja na usafirishaji. Ni nafuu kwa watu watatu au wanne, tuseme wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Machakos, kuagiza kwa kifurushi kimoja.

Mwisho, kuhusu Z80 yenyewe. Chipu hiyo ilianza kuuzwa mwaka 1976, na kampuni ya Zilog ikafunga oda za mwisho za aina yake ya kawaida Juni 2024. Zilizobaki sokoni ni akiba, au zilizong'olewa kwenye mitambo ya zamani, au zilizosuguliwa juu na kuandikwa upya kwa kasi ambazo hazina. Anayeamua kujenga RC2014 leo anunue chipu mbili, azijaribu zote mbili juma lilelile zinapofika, wakati malalamiko bado yanasikilizwa, na ile ya akiba aiweke kwenye sponji nyeusi iliyokuja nayo badala ya kuitupa tu ndani ya droo.